Chujio la Hewa la Pikapu: Je, Lafaa Kubadilishwa?

Siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniona nikifunga boneti ya pikapu yangu chini ya miembe. Alinijia kwa adabu, akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, baba ameambiwa anunue chujio la hewa la pamba, lile jekundu lenye umbo la koni, ati gari litapata nguvu na kula mafuta kidogo. Je, ni kweli?" Nilimjibu kwa maneno machache tu, kwani kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kulia, nami najua jinsi pilau ya siku ile inavyokwisha upesi. Lakini njiani nikirudi Soroti nilijilaumu. Swali lile lilistahili jibu jema zaidi, maana mimi mwenyewe nalilipia jibu lake kwa fedha za watu wawili. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili, nilijibu kwa urefu.

Kwanza tuelewane maneno. Chujio la hewa ndilo mafundi wetu waliitalo ea klina. Limo ndani ya sanduku la plastiki au la bati chini ya boneti, na katika magari mengi ya siku hizi ni karatasi nene iliyokunjwakunjwa. Haikukunjwa kwa urembo. Ukiikunjua yote utapata karatasi ndefu ajabu, na hewa inayopita mahali papana hupita polepole, bila shida, wala haisukumi vumbi kwa nguvu. Wazee wetu walioendesha Land Rover za kwanza, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, walikuwa na chujio la bakuli la oili: hewa ilipigwa juu ya oili, vumbi likanaswa, hewa ikaendelea kupitia nyuzi za chuma. Dereva aliyekuwa mwangalifu alimwaga tope lile na kutia oili mpya, na asiyekuwa mwangalifu alisukuma gari.

La pamba ni kitambaa chepesi cha tabaka kadhaa, kilichobanwa baina ya nyavu za waya na kupakwa oili maalum, aghalabu nyekundu. Huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili tena, nalo hudumu miaka mingi. Machujio ya namna hii yalipata sifa kutoka California, ambako kampuni ya K&N ilianzishwa mwaka 1969 na watu wa pikipiki. Leo yatengenezwa na wengi, wenye majina na wasio na majina. Lile nililonunua mimi halikuwa la kampuni hiyo. Nalitaja jambo hili ili nisimsingizie mtu.

Sasa chukueni kalamu. Pikapu yetu ilikuwa Hilux ya dizeli yenye injini iitwayo 5L, ya lita 3 kasoro kidogo, isiyo na turbo. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hujaza silinda zake zote mara 1,000. Lita 3 mara 1,000 ni lita 3,000 kwa dakika moja, na kwa saa moja ni lita 180,000, yaani meta za ujazo 180. Nendeni mkapime darasa lenu. Darasa la meta 9 kwa 7, lenye dari ya meta 3, lina meta za ujazo 189. Basi pikapu ndogo tu, kwa saa moja, yavuta karibu hewa yote ya darasa zima. (Kwa kweli silinda hazijai kabisa kila mara, lakini kwa hesabu yetu haidhuru.)

Tuseme pikapu hiyo iko nyuma ya lori katika barabara ya moramu mwezi wa Februari, na hewa ile ina gramu 1 ya vumbi katika kila meta ya ujazo. Nimeichagua gramu 1 kwa ajili ya hesabu tu. Kwa saa moja gramu 180 za vumbi zitafika mlangoni. Chujio likikamata 99 katika 100, gramu 1.8 zitapita. Likikamata 98, zitapita gramu 3.6. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Mtu akisoma 98 na 99 kwenye boksi husema, "Ni karibu sawa." Lakini injini hailiwi na vumbi lililokamatwa. Hulika kwa lile lililopita, na lililopita limekuwa maradufu. Likikamata 99.5, zitapita gramu 0.9 tu, na hiyo ni robo ya lile la 98.

Na vumbi hilo si unga. Mchanga wetu una kwatsi, jiwe gumu linaloweza kukwaruza chuma. Chembe zilizo mbaya kuliko zote si zile kubwa mnazoziona, bali zile za mikroni 5 hadi 20 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Chembe ndogo namna hiyo huingia katika utando wa oili ulio baina ya pistoni na silinda, ikasaga pande zote mbili kama msasa.

Machujio hupimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 5011. Hutumika vumbi maalum lililochekechwa kwa ukubwa unaojulikana, lililoitwa tangu zamani vumbi la Arizona. Hupima mambo matatu: chujio lakamata vumbi kiasi gani, laizuia hewa kiasi gani, na laweza kubeba vumbi gramu ngapi kabla ya kuziba. Karatasi njema ya kiwanda aghalabu huzidi 99. Watengenezaji wengine wa pamba wenyewe hutaja baina ya 96 na 99. Angalieni hesabu yetu ya juu, mtaona kwamba baina ya 96 na 99 kuna tofauti ya mara nne.

Sasa niwaeleze ya kwangu. Mwaka 2012 kaka yangu aliuza ng'ombe sita, mimi nikatoa akiba yangu yote, tukanunua ile Hilux. Tulichukua saruji, mabati, sabuni na chumvi toka Soroti hadi Moroto na Kotido. Barabara ya Moroto kwenda Kotido, kama kilometa 100, ilikuwa udongo mtupu siku zile, na kiangazi vumbi lake lilikuwa jepesi kama poda, likining'inia hewani muda mrefu baada ya lori kupita. Mwaka 2014 nilikuwa katika duka moja la spea, nikaonyeshwa koni nyekundu. Mwenye duka aliniambia mambo matatu: gari litakuwa jepesi mlimani, litakula dizeli kidogo, nami sitanunua karatasi tena maisha yangu. Bei yake ilikuwa kama ya karatasi tano. Nilimpigia kaka simu. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu nina hakika.

Nililifunga mwenyewe. Nikaling'oa sanduku lote la kiwanda, nikaichomeka koni kwenye bomba. Shingo ya koni ilikuwa pana kidogo kuliko bomba, nikaijaza nafasi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakaza klipu. Injini ilipowaka nalifurahi sana, maana ilinguruma kama lori kubwa. Kwa juma zima niliapa kwamba gari lina nguvu mpya. Siku hizi najua kwamba sikio ni shahidi mbaya. Lile sanduku la kiwanda, pamoja na kazi zake nyingine, huzima sauti ya hewa inayovutwa. Ukiliondoa, kelele huongezeka, na mtu akisikia kelele hudhani ni nguvu.

Kabla ya miezi kumi kwisha injini ilianza kula oili. Kwanza nusu lita kwa safari, halafu lita nzima. Asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka. Ukifungua kifuniko cha oili, moshi ulikurupuka usoni. Nilimpelekea mzee mmoja fundi huko Mbale, mtu wa maneno machache. Hakuanza kwa kufungua injini. Alilegeza klipu, akalichomoa bomba lililo baina ya chujio na injini, akapitisha kidole ndani, akanionyesha. Kidole kilikuwa chekundu.

"Kijana," akasema, "upande huu haupasi kuwa na kitu."

Kisha akanionyesha pale penye tyubu ya baiskeli. Vumbi lilikuwa limechora mstari mwembamba, kama njia ya siafu, kutoka nje kuingia ndani. Silinda zilipofunguliwa, zilikuwa zimelika juu, mahali ringi zinapogeukia, na ringi zenyewe zilikuwa nyembamba hata zikang'aa kingo. Ilibidi kuchonga silinda na kununua pistoni mpya. Fedha zile zilikuwa za karo. Mtoto wa kwanza wa kaka, aliyekuwa aingie kidato cha kwanza Januari ile, aliingia mwaka mmoja baadaye. Kaka hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Nisiwe dhalimu hata hivyo. Siwezi kusema kwamba pamba peke yake ndiyo iliyoiua injini. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa lile pengo, nami ndiye niliyeliacha. Chujio la 99 lenye mdomo usioziba si chujio la 99 tena, maana hewa ni kama maji, hupenda njia rahisi. Lakini tazameni jinsi makosa mawili yalivyofuatana: kama ningaliliacha sanduku la kiwanda mahali pake, lenye mpira wake na vibanio vyake, pengo lisingalikuwapo. Tena koni ilikuwa wazi chini ya boneti, ikivuta hewa ya moto karibu na injini, na hewa ya moto ni nyepesi. Sanduku la kiwanda huvuta hewa ya baridi kutoka pembeni. Hivyo nalinunua nguvu na papo hapo nikaitupa.

Na ile nguvu iliyoahidiwa, je, yaweza kuwapo? Hebu tuipime kwa kanieneo la hewa. Pwani kanieneo la hewa ni kilopaskali 101. Chujio safi la karatasi huizuia hewa kwa kilopaskali 1 au 2 tu injini inapovuta sana. Hata kama ukipata chujio lisilozuia kitu kabisa, jambo lisilowezekana, faida yako haizidi hizo. Sasa toka Kampala, mahali pa meta karibu 1,200, uende Kabale, meta karibu 1,900. Kanieneo limepungua kwa kilopaskali 7 hivi. Mlima ule umekunyang'anya hewa nyingi kuliko chujio lolote liwezavyo kukurudishia, nawe ulifika Kabale bila kulia.

Tena injini ya dizeli ya zamani, isiyo na turbo, aghalabu ina hewa ya ziada. Nguvu yake hutawaliwa na dizeli inayonyunyizwa, si na hewa. Kumwongezea hewa ni kama kumpa mtu aliyekwisha kunawa maji ya kunawa zaidi, naye angojea chakula. Injini ya petroli ni habari nyingine: ndani ya bomba lake kuna kibao kinachofunguka unapokanyaga pedali, na mwendo wa kawaida kibao hicho kimefunguka kidogo tu. Mnaojua mazizi mtanielewa. Ikiwa mlango wa ndani wa zizi ni mwembamba, ukiupanua ule wa nje ng'ombe hawatatoka upesi zaidi.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, huko Tennessee, Marekani, ilitoa taarifa ya majaribio yake. Waliyaziba machujio ya hewa makusudi, wakayapima magari ya petroli. Katika magari ya kisasa yanayotawaliwa na kompyuta, chujio chafu halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwani kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli ipasavyo. Kilichopungua ni wepesi wa kuchomoka. Katika gari la zamani la kabureta, kubadili chujio lililoziba kulipunguza ulaji kwa asilimia 2 hadi 6. Haya, ikiwa chujio chafu kabisa halibadili ulaji wa gari la kisasa, chujio jipya la bei kubwa litaubadilije likilinganishwa na jipya la bei ndogo?

Mimi pia nalijaribu kwa njia yangu, baada ya injini kutengenezwa. Nilijaza tangi hadi shingoni, nikaenda Kotido na kurudi, nikajaza tena, safari nne kwa pamba na nne kwa karatasi. Safari za chujio lile lile zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko machujio mawili yalivyotofautiana. Siku ya matope, siku ya mzigo mzito, siku niliyokuwa na haraka: hayo ndiyo yaliyokula dizeli. Kisha nikafanya jaribio la pili, ambalo laweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwenye ruhusa ya mwenye gari. Nililirudisha sanduku la kiwanda, lenye mpira wake. Nikapaka grisi safi, nyembamba sana, ndani ya bomba baada ya chujio. Nikaendesha safari moja na karatasi, nikaifuta grisi kwa kitambaa cheupe. Nikapaka tena, safari nyingine kwa chujio la pamba lililokatwa kuenea sanduku lile. Cha kwanza kilitoka na rangi ya grisi tu. Cha pili kilikuwa cha kahawia, na ukikisugua baina ya vidole viwili ulisikia chembe. Vitambaa hivyo ninavyo bado.

Kuna hatari nyingine kwa wenye magari ya siku hizi. Pikapu yangu ya pili ina turbo na kompyuta, na ndani ya bomba la hewa mna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Kompyuta hujua wingi wa hewa kwa jinsi waya ule unavyopozwa. Rafiki yangu aliosha chujio lake la pamba, akalipaka oili kwa ukarimu, akidhani nyingi ni bora. Oili iliruka ikashika waya, vumbi likashika oili, na kompyuta ikadanganyika. Taa iliwaka, gari likakosa nguvu, akauziwa pampu ya dizeli asiyoihitaji kabla mtu mwingine hajaisafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza. Kwa turbo pia vumbi ni adui, maana mapanga yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mwendo huo hugeuza mchanga kuwa patasi.

Basi, je, kila chujio lisilotoka kwa mwenye kutengeneza gari ni baya? La, hasha. Viwanda vya magari havitengenezi karatasi zao vyenyewe aghalabu. Hununua kwa mafundi wa kazi hiyo. Kampuni kama MANN+HUMMEL ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1941, huviuzia viwanda na huuza dukani pia. Karatasi ya mtengenezaji wa namna hiyo yafaa sawasawa, na bei yake yaweza kuwa nafuu. Ya kuogopa ni ile ya bandia. Ibonyeze mpira wa ukingoni: ukiwa mgumu kama plastiki hautaziba. Hesabu mikunjo uilinganishe na ya zamani; ikiwa michache, eneo limeibwa. Ingiza taa ndani gizani, na ukiona nukta ya nuru, irudishe dukani.

Ikiwa mtu ana fedha za ziada na njia zake ni za vumbi, namshauri anunue bomba la kunyanyua mdomo wa hewa hadi juu ya paa, lenye kichwa kinachozungusha hewa na kutupa chembe nzito nje kabla hazijafika kwenye karatasi. Vumbi ni zito zaidi chini, karibu na magurudumu. (Wasidhani bomba hilo ni leseni ya kuogelea mtoni. Viungo vyake visipozibwa, maji huingia, na injini haishindilii maji.) Na pamba? Naweza kuielewa kwa mwenye gari la mashindano, anayeifungua injini yake kila baada ya mbio chache, au kwa mtu aliye mbali kabisa na duka la karatasi, mradi aioshe kwa saburi na kuipaka oili kwa kipimo.

Neno moja juu ya kupuliza, kwa kuwa kila gereji hupuliza. Karatasi yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwani vumbi lililokwama husaidia kukamata linalokuja. Kuipuliza kila Jumamosi kwa upepo mkali wa kompresa hutoboa matundu yasiyoonekana. Mimi huigonga taratibu kwa kiganja, na safari za kiangazi zikiwa nyingi nainunua mpya mapema; karatasi moja ni bei ya chakula cha siku mbili njiani.

Yule kijana aliyeniuliza, kama asoma haya, amwambie baba yake alibakize sanduku la kiwanda. Na wale wa chama cha sayansi, nikija muhula ujao nitaleta kopo la grisi na vile vitambaa viwili. Tafuteni tu mwalimu atakayekubali bomba la gari lake lifunguliwe.